Gesi ya propani katika injini ya gari, na tofauti yake na gesi asilia ya Dar es Salaam

Msafiri anayetoka Bujumbura na kufika Dar es Salaam hukutana na jambo ambalo huku kwetu bado ni geni: bajaji na teksi zinazojazwa gesi badala ya petroli. Akirudi nyumbani, ambako foleni za kungojea esansi zimekuwa sehemu ya maisha kwa miaka kadhaa, huutazama mtungi ulioko jikoni na kujiuliza: ikiwa gari la Dar es Salaam linatembea kwa gesi, la kwangu limekosa nini?

Swali hilo ni la haki, lakini linachanganya vitu viwili. Gesi inayoendesha magari ya Dar es Salaam ni gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Huchimbwa nchini Tanzania kwenyewe, katika kisiwa cha Songo Songo na huko Mnazi Bay mkoani Mtwara, husafirishwa kwa mabomba, kisha hushindiliwa ndani ya mtungi mzito wa gari hadi mgandamizo wake ufikie mara 200 hivi ya ule wa hewa ya kawaida. Gesi ya jikoni ni nyingine. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, na hupatikana mafuta ghafi yanaposafishwa au gesi inapotolewa kisimani na kutenganishwa. Propani hugeuka kimiminika kwa mgandamizo wa mara nane hivi tu katika joto la nyuzi 20, na butani kwa mgandamizo mdogo zaidi. Ndiyo maana mtungi wake ni mwepesi na mtu huweza kuubeba begani. Wataalamu huiita ya kwanza CNG na ya pili LPG. Sisi tunaofasiri habari tunaijua adha ya neno hili: Kiswahili huziita zote mbili gesi, na Mmarekani naye akitaja gesi mara nyingi anakusudia petroli. Kosa letu husahihishwa katika taarifa inayofuata. La fundi wa gari halina taarifa inayofuata.

Hata hivyo, si kwamba propani haifai kuendesha gari. Inafaa sana. Mkemia wa Kimarekani Walter Snelling aliitambua mwaka 1910, alipokuwa akichunguza kwa nini petroli ya wakati ule ilitoweka kwa mvuke kutoka katika vyombo vyake. Kilichokuwa kikitoroka kilikuwa, pamoja na vingine, propani na butani. Leo hii magari zaidi ya milioni 4 nchini Uturuki hutumia gesi hiyo. Teksi za Hong Kong zilihamia humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na teksi mpya ambayo Toyota iliizindua Japani mwaka 2017 huchanganya gesi na umeme. Korea Kusini ilikuwa ikiwazuia watu wa kawaida kununua magari mapya ya gesi, ikiyaacha kwa teksi na makundi machache, hadi ilipokiondoa kizuizi hicho Machi 2019 kwa sababu ya hewa chafu ya miji yake.

Gari la petroli likifungwa mfumo wa gesi halipotezi ule wa zamani. Mtungi huwekwa kwenye buti, mara nyingi katika nafasi ya gurudumu la akiba. Gesi hutoka humo ikiwa kimiminika, hupita katika bomba jembamba hadi mbele, na kuingia katika chombo kinachoigeuza kuwa mvuke. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto, kwa hiyo chombo hicho hupashwa moto na maji yale yale yanayopoza injini. Bila hivyo kingeganda barafu. Hii ndiyo sababu gari huwashwa kwa petroli, na maji yakishapata joto hubadilika kuingia kwenye gesi. Dereva akiishiwa gesi njiani, hurudi kwenye petroli kwa kubonyeza kitufe, au gari lenyewe hufanya hivyo.

Injini huipenda gesi hii kwa kuwa haigongi kirahisi na huacha masizi machache. Lakini lita moja ya gesi ina nguvu ndogo kuliko lita moja ya petroli. Gari linalotumia lita 10 za petroli kwa kilomita 100 litahitaji lita 12 hadi 13 za gesi. Kwa kuwa kwetu gesi huuzwa kwa kilo, hesabu nyepesi ni hii: kilo moja hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Kilo 6 zingelifikisha gari hilo kilomita 90 hivi. Mwenye kutaka kujua kama kuna faida alinganishe bei hizo mbili, kisha aongeze gharama ya vifaa na fundi. Asisahau pia kwamba baadhi ya injini huchakaa mapema sehemu zinapokalia vali, kwa sababu gesi huwaka ikiwa kavu.

Injini ya dizeli, ile ya mazutu kama tunavyosema hapa, ina kanuni nyingine. Haina plagi za kuwasha cheche. Mazutu huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Propani haiwaki kirahisi kwa njia hiyo, na kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mazutu yote. Huingizwa kidogo pamoja na hewa, mazutu huiwasha, na injini hupata nguvu zaidi. Ikizidishwa, injini hugonga na pistoni huweza kuharibika.

Hatari iko hasa kwenye mtungi. Januari 1999, huko Vénissieux karibu na Lyon, Ufaransa, gari la gesi lilichomwa moto na wahuni. Mtungi wake haukuwa na vali ya kupunguza mgandamizo, ukalipuka, na wazimamoto waliokuwa wakiuzima moto huo wakajeruhiwa vibaya. Baada ya hapo Ufaransa iliilazimisha vali hiyo. Oktoba 2024, katika mji wa Benin nchini Nigeria, mtungi wa gari ulilipuka kwenye kituo cha gesi asilia na kujeruhi watu. Wasimamizi wa mpango wa gesi nchini humo walisema mtungi huo ulikuwa umechomelewa na haukuidhinishwa kwa kazi hiyo.

Mtungi wa gari una vali inayozuia ujazo usipite asilimia 80, ili kimiminika kipate pa kutanukia kwenye jua. Una vali nyingine inayojifunga bomba likikatika, na hufungwa kwa mikanda ya chuma isiyoachia gari linapogongwa. Mtungi wa jikoni hauna mpangilio huo. Umetengenezwa kutoa mvuke kidogo kidogo ukiwa umesimama. Injini ikiuvuta kwa kasi, hupoa, mgandamizo hushuka na gari huzimika. Wapo wanaoulaza ili utoe kimiminika. Hapo mpira wa jiko hupitisha kitu ambacho haukukusudiwa kukibeba, ndani ya gari lenye abiria.

Kuna na jambo la uzito. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja mahali pa wazi hupanda na kutawanyika. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa kwenye mtaro, kwenye shimo la garaji au chini ya viti, na kungoja cheche. Wakazi wa Embakasi jijini Nairobi wanaijua nguvu yake tangu usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi hiyo lilipolipuka. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Kwa Burundi kuna swali lingine la mbele zaidi. Gesi asilia ya Tanzania hutoka ardhini mwa Tanzania. Propani ya kwetu huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni na kufika kwa barabara, kama esansi. Anayetumaini kwamba itamwondoa kwenye foleni huenda akahamia foleni nyingine, na humo atawakuta wapishi.

Kwa aliye tayari na gari la gesi: harufu inayonukia kama kabichi iliyooza huongezwa makusudi ili kumwonya. Akiisikia, azime injini, afunge vali ya mtungi ikiwa inafikika, afungue milango yote, awashushe abiria na kuwapeleka mbali. Asiwashe simu wala taa ndani ya gari, na asilisukume gari kuelekea bondeni wala karibu na jiko la mtu.