Wingu Kubwa la Magellan

Wingu Kubwa la Magellan ni galaksi ndogo iliyo jirani na galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa umbali wa takriban miakanuru 160,000. Kwa macho matupu huonekana kama doa jeupe la ukungu. Aliyeko Mtwara au Songea, mbali na taa za mji, huweza kuliona usiku wa Desemba na Januari upande wa kusini. Limepewa jina la nahodha Mreno Ferdinand Magellan, ingawa watu wa kusini mwa dunia walilijua karne nyingi kabla ya safari yake.

Chanzo chake, kama cha galaksi zote, ni gesi iliyotokana na Mlipuko Mkuu wa miaka bilioni 13.8 iliyopita. Robo tatu ya masi ya gesi hiyo ilikuwa hidrojeni, na karibu yote iliyosalia heli. Kaboni, oksijeni na chuma havikuwepo. Graviti, hasa ya mata nyeusi isiyotoa mwanga, iliikusanya gesi. Ikapoa, ikagandamana, ikazaa nyota. Galaksi ndogo ziliungana na kukua. Njia Nyeupe yenyewe ilimeza nyingine miaka bilioni 10 hivi iliyopita. Wingu Kubwa halijamezwa, lakini kuvutana kwake na Wingu Dogo la Magellan kumeng'oa mkondo mrefu wa gesi unaoyafuata angani.

Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walieleza jinsi nyota zinavyotengeneza elementi. Viini vya hidrojeni huungana kuwa heli, na viini vitatu vya heli huwa kaboni. Nyota kubwa huendelea hadi chuma, na hapo hukwama, kwani kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Kitovu cha nyota huporomoka ghafla, na tabaka za nje hulipuka. Huo mlipuko ndio supanova.

Wingu Kubwa ndilo lililotupa ushahidi bora kuliko wowote. Tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton, akiwa Las Campanas nchini Chile, aliona nyota mpya kwenye picha ya galaksi hiyo. Nyota iliyolipuka ilikuwa na masi karibu mara 20 ya Jua. Saa chache kabla ya mwanga wake kuonekana, mitambo iliyochimbiwa ardhini Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti ilinasa nyutrino zipatazo 25, habari ya moja kwa moja kutoka kwenye kitovu kilichoporomoka. Kisha, kwa miezi mingi, mwanga ulipungua kwa nusu kila siku 77 hivi, kasi ileile ambayo kobalti-56 hugeuka kuwa chuma. Wanaastronomia walikuwa wanashuhudia chuma kikizaliwa, chenye masi zaidi ya mara 20,000 ya Dunia nzima.

Dhahabu ina njia nyingine. Tarehe 17 Agosti 2017 ilipokewa ishara ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi NGC 4993, na mwanga wake ulionyesha elementi nzito zikiundwa.

Wingu Kubwa limezaa nyota polepole, hivyo uwiano wake wa elementi nzito ni karibu nusu ya ule wa Jua. Unaendelea kupanda: Nebula ya Tarantula, iliyo ndani yake, ina nyota zenye masi zaidi ya mara 100 ya Jua, nazo huishi miaka milioni chache tu kabla ya kulipuka.