Hesabu za Zimwi

Filamu ikiingiza dola milioni 379 duniani kote, utaiita nini? Mwaka 1998 iliitwa hasara.

Hiyo ni Godzilla ya Hollywood, ile ya Roland Emmerich, iliyofunguliwa Marekani tarehe 20 Mei 1998. Miezi mingi kabla ya siku hiyo studio ilikuwa imejaza mabango mijini yakijigamba kuhusu ukubwa wa mnyama bila kumwonyesha. Mwaka uliotangulia, wikendi hiyo hiyo ya sikukuu ya Memorial Day, filamu ya pili ya Jurassic Park ilikuwa imeingiza dola milioni 90 kwa siku 4. Basi kuanzia wakubwa wa studio hadi waandishi wa magazeti, ikawa ni kama imeshaandikwa: Godzilla ataivunja hiyo rekodi. Siku 4 zikapita. Alikuwa na milioni 55 na ushee.

Kwa mtu wa kawaida milioni 55 kwa wikendi moja ni pesa ya kununua mtaa. Kwa studio ilikuwa msiba. Filamu zingine mbili zilizokuwa kwenye mpango zikafutwa, na haki za kumtumia Godzilla zikaachwa zirudi Japani.

Mimi napenda kukaa kwenye hilo pengo, kati ya 90 iliyotarajiwa na 55 iliyoingia, kwa sababu siku hizi ndimo sisi mashabiki tunamoishi. Kuna filamu mbili zinakuja. Godzilla Minus Zero ya kampuni ya Toho imepangiwa kutoka Japani tarehe 3 Novemba 2026, na Marekani siku 3 baadaye. Godzilla x Kong: Supernova, ya Legendary na Warner Bros, imepangiwa tarehe 26 Machi 2027. Ukikaa na mashabiki sasa hivi hutasikia sana kuhusu hadithi. Utasikia itafungua na ngapi, China itatoa ngapi, ikishuka asilimia 60 wikendi ya pili itakuwaje. Tunaongea kama wahasibu wa sacco siku ya mkutano mkuu, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyeona filamu.

Siwacheki, maana mimi ni mmoja wao. Lakini nimekaa chini nikafuatilia hesabu za mazimwi haya kuanzia mwanzo, na zinasema kitu kimoja ambacho sisi wenyewe hatupendi kusikia: pesa kidogo haijawahi kumuua zimwi. Kinachomuumiza ni pesa iliyoahidiwa kwa niaba yake.

Tuanze na Kong. King Kong ilifunguliwa New York tarehe 2 Machi 1933, katika kumbi mbili kubwa kwa pamoja, Radio City Music Hall na RKO Roxy. Wakati ulikuwa mbaya kabisa. Uchumi ulikuwa umeanguka, na studio yenyewe, RKO, ilikuwa imeingia chini ya usimamizi wa mahakama mwezi Januari kwa sababu ya madeni. Siku 4 tu baada ya filamu kufunguliwa, Rais Roosevelt, ambaye ndio kwanza ameapishwa, alifunga benki zote za Marekani. Nani angekaa chini wiki hiyo akakadiria kwamba watu watatoa senti zao za mwisho kwenda kuona nyani mkubwa akipanda ghorofa? Lakini walipiga foleni. Siku 4 za kwanza katika kumbi hizo mbili zilileta karibu dola 90,000, pesa nyingi mno kwa enzi hiyo.

Kong akarudishwa kumbini tena na tena. Mwaka 1952 alirudishwa akiwa na umri wa miaka 19, wakati televisheni ilikuwa imeanza kunyang'anya sinema watazamaji, na bado akajaza kumbi. Hapo Hollywood ikashtuka. Mwaka uliofuata ikatoka The Beast from 20,000 Fathoms, filamu ya bei nafuu kuhusu mnyama wa kale anayeamshwa na bomu la atomiki, nayo ikarudisha gharama yake mara nyingi. Habari za mnyama huyo zikafika Tokyo.

Huko Tokyo kulikuwa na produsa wa Toho anayeitwa Tomoyuki Tanaka, na mwaka 1954 alikuwa na shida. Filamu kubwa aliyokuwa amepanga kutengeneza pamoja na Waindonesia ilikuwa imeanguka kwa sababu za kisiasa, na kampuni ilikuwa inasubiri kitu cha kuziba hiyo nafasi. Wakati huo nchi nzima ilikuwa inazungumzia mashua moja ya wavuvi wa jodari, Daigo Fukuryu Maru. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na jivu lake lenye sumu ya nyuklia likawaangukia wavuvi 23 waliokuwa humo. Septemba mmoja wao, yule wa redio, akafa. Miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima na Nagasaki.

Tanaka akaunganisha mambo hayo mawili, mnyama wa Wamarekani na jivu la Wamarekani. Kazi akapewa Ishiro Honda, mkurugenzi ambaye alipokuwa akirudi nyumbani kutoka vitani China alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Eiji Tsuburaya akajenga Tokyo ndogo ya kubomolewa. Haruo Nakajima akaingia ndani ya vazi zito la mpira, akatembea humo chini ya taa kali mpaka jasho likawa linamiminwa kutoka ndani ya vazi. Gojira ikatoka tarehe 3 Novemba 1954. Wahakiki wengi wa Japani hawakuipenda. Wengine waliona inachezea maumivu ya taifa. Watu nao wakanunua tiketi milioni 9.6, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 88.

Angalia kilichokosekana hapo: hakuna aliyekuwa ameahidi chochote. Zimwi hili lilizaliwa kama kiraka cha filamu iliyokufa. Halikuwa na rekodi ya kuvunja, kwa hivyo kila tiketi ilikuwa faida ya moyo.

Likapanda. Mwaka 1962 Toho ikamkutanisha na Kong, na tiketi zikapita milioni 11 Japani. Halafu televisheni ikaingia sebuleni, bajeti zikapunguzwa, na Godzilla akageuka rafiki wa watoto. Filamu ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Honda yule yule, haikufikisha hata tiketi milioni 1. Ukiangalia kwa macho ya leo, hapo ndipo ungemzika. Toho ilimpumzisha tu. Miaka 9 baadaye, 1984, akarudi akiwa anatisha tena. Kwa hivyo zimwi hili lina uzoefu wa kufilisika. Linajua kulala baharini likisubiri.

Sasa hebu tuulize: shabiki alianza lini kujua hizi namba? Zamani mauzo yalikuwa siri ya ofisini, ama habari ya magazeti ya biashara ya sinema. Miaka ya 1980 televisheni na magazeti ya kawaida ya Marekani yakaanza kutangaza filamu za kwanza wikendi kama msimamo wa ligi. Halafu intaneti ikamaliza kazi. Tovuti ya Box Office Mojo, ambayo ilimpa mtu yeyote hesabu za studio hadi dola ya mwisho, ilianzishwa mwaka 1998. Ndiyo, mwaka ule ule wa Godzilla ya Emmerich. Zimwi na daftari lake vilifika pamoja.

Tangu hapo tumejifunza hesabu hizo vizuri, na si hesabu za kijinga. Tunajua kwamba ukinunua tiketi Marekani, takriban nusu inabaki na mwenye ukumbi. Tunajua kwamba filamu ya Hollywood ikiingiza dola 100 China, studio inabeba kama 25. Tunajua kuna gharama za matangazo ambazo hazimo kwenye bajeti inayotajwa. Ndiyo maana filamu iliyogharimu milioni 170 inaweza kuingiza milioni 300 na watu wa studio wakaonekana wamenuna.

Lakini hesabu hiyo yote inahitaji kitu kimoja ambacho hakitoki kwenye tiketi, nacho ni matarajio. Mwaka 2014 Godzilla mpya ya Hollywood ilifungua na dola milioni 93 Marekani, na jumla ikapita milioni 500 duniani. Hapo deni likaandikwa. Iliyofuata, King of the Monsters ya 2019, ilifungua na milioni 47, ikamaliza na karibu milioni 387. Linganisha na ile ya 1998 na milioni 379 zake. Miaka 21 katikati, namba karibu sawa, hukumu ile ile. Wengi tukaanza kuandaa matanga ya mfululizo mzima.

Kisha ikaja Godzilla vs. Kong, Machi 2021. Marekani ilitoka kumbini na kwenye HBO Max siku moja, kumbi nyingi duniani zikiwa zimefungwa ama ziko nusu kwa sababu ya korona. Ikaingiza milioni 470, na China peke yake ikatoa kama 188. Kila mtu akasherehekea. Ukiitoa kwenye mwaka wake ukaiweka 2014, namba hiyo hiyo ingeitwa balaa. Mwaka 2024 Godzilla x Kong ilikadiriwa kufungua na kama milioni 50. Ikafungua na 80, wachambuzi wakabaki wakijikuna kichwa.

Na katikati ya hayo, Novemba 2023, Toho ikatoa Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki. Bajeti yake ilitajwa kuwa chini ya dola milioni 15. Picha za kompyuta zilifanywa na kikosi cha watu 35. Hadithi ni ya rubani aliyetakiwa kujiua vitani akakataa, sasa anaishi na aibu kwenye vifusi vya Tokyo. Iliingiza zaidi ya milioni 100 duniani, ambayo ni kama robo tu ya zile 379 za 1998, na dunia nzima ikaiita ushindi. Machi 2024 ikachukua Oscar ya picha za kompyuta, Oscar ya kwanza ya Godzilla tangu azaliwe.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nadhani walikuwa wanaongea pia kuhusu wanaomsifu. Sifa ni mkopo. Mtu anakupa leo, na riba inaanza kuhesabika kabla hujaamka.

Mimi hili nalielewa kwa ngozi. Niliacha chuo, na najua vile inakaa mtu kutajwa kwa harambee kama mradi wa ukoo, makadirio yametolewa na wajomba kabla hujafungua hata kitabu. Leo naandika, nalipa rent, nanunua unga. Ukinipima kwa kazi, niko sawa. Ukinipima kwa ile namba iliyosomwa siku ya harambee, mimi ni 1998.

Na hiyo 1998 yenyewe niliiona kwenye kibanda cha video, tiketi shilingi 10, kwenye mabenchi, mkanda umechakaa na sauti imewekwa juu mpaka mabati yanalia. Kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Tulipiga kelele vile Godzilla alivyokimbia katikati ya maghorofa, na njiani kurudi nyumbani tulibishana ni nani angeshinda kati yake na Kong. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua tunatazama hasara. Shilingi zetu 10 hazikufika kwenye daftari la mtu yeyote Hollywood. Ukitaka kujua ni watu wangapi Afrika Mashariki wamempenda huyu mnyama kupitia vibanda, kanda, DVD za kuchomwa na sauti ya DJ Afro juu ya filamu, hakuna tovuti itakuambia. Mapenzi mengi ya sinema duniani hayana risiti.

Hii haimaanishi namba ni upuzi. Namba ndiyo inayoamua kama kutakuwa na filamu nyingine, na shabiki anayezifuatilia anafuatilia uhai wa kitu anachokipenda. Wasiwasi wangu ni kuhusu Minus Zero. Ile ya kwanza ilipumua kwa sababu hakuna aliyekuwa ameidai kitu. Yamazaki alikuwa na nafasi ya kutengeneza filamu ya majonzi yenye mnyama ndani. Hii ya pili inaingia ikiwa na Oscar mgongoni, na tayari kuna watu wanaitajia milioni 200, wengine 300. Ikiingiza 150, ambayo ingekuwa zaidi ya ile ya kwanza, sisi wenyewe ndio tutaanza kusema imeshuka. Studio hazihitaji kutuomba. Tunawaandikia deni bure.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu anatujua tangu 1954. Ameokoka televisheni, ameokoka 1975, ameokoka Emmerich. Toho ilifika mahali pa kumchukua yule wa 1998, ikampa jina la Zilla, na katika filamu ya mwaka 2004 ikamfanya apigwe na Godzilla wa kweli mjini Sydney kwa sekunde chache. Atatuokoka na sisi pia.

Ukinibana nitoe kadirio la Minus Zero, nitakuambia sina. Nina nauli ya matatu na bei ya kiti kimoja, nikipata ukumbi wa kuionyesha. Hiyo ndiyo namba pekee ninayoweza kuahidi kwa niaba ya zimwi.