Bata, Kangaruu na Baiskeli: Historia Fupi ya Magari Yasiyo na Dereva

Kama umewahi kukaa kiti cha mbele kwa matatu, unajua dereva wa huku kwetu hasomi barabara tu. Anasoma nia. Anaona mtoto ameshika mpira kando ya lami, anaona bodaboda anaangalia kushoto na tairi limegeukia kulia, mguu unaenda kwa breki kabla chochote hakijatokea. Sasa swali: mashini imewahi kufika hapo? Turudi nyuma kidogo.

Tarehe 13 Machi 2004, jangwa la Mojave, Marekani. DARPA, shirika la utafiti la jeshi, liliahidi dola milioni 1 kwa gari litakalojiendesha karibu kilomita 229. Magari 15 yakaingia. Yaliyomaliza? Sufuri. Lililoenda mbali zaidi, Sandstorm la chuo cha Carnegie Mellon, lilikwama baada ya kilomita 12 hivi. Mwaka uliofuata magari 5 yakamaliza njia mpya ya kilomita 212, na Stanley la chuo cha Stanford likabeba dola milioni 2. Kicheko kikaisha.

Lakini angalia vizuri. Jangwani shida ilikuwa mawe na kona, na jiwe halibadilishi mawazo. Mwaka 2007 DARPA ikaleta shindano kwenye barabara za kambi ya zamani ya jeshi, zikiwa na magari mengine. Gari la MIT na la Cornell, yote yakijiendesha, yakagongana. Polepole, lakini yaligongana.

Halafu Google wakaingia barabara za kawaida. Siku moja gari lao likakuta mama kwenye kiti cha magurudumu cha umeme akifukuza bata kwa ufagio, katikati ya barabara. Hakuna injinia aliyekuwa ameandika sheria ya mama, ufagio na bata. Gari lilifanya nini? Lilingoja tu. Halikuelewa, lakini lilijua kutosogea. Mimi naona hiyo ndiyo akili yenyewe.

Australia mambo yakawa tofauti. Mwaka 2017 Volvo walikiri kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama unachanganywa na kangaruu. Mfumo ulikuwa unapima umbali kwa kutumia ardhi. Kangaruu akiruka anaonekana yuko mbali, akitua anaonekana amekaribia. Walikuwa wameujaribu kwa wanyama wa Sweden, na wale hawaruki hivyo. Kumbe mashini inajua kile ilichoonyeshwa.

Na hapo ndipo hadithi inaacha kuchekesha. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, mwanamke wa miaka 49 alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Gari la majaribio la Uber likamgonga, akafa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba gari lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lilimwona! Lakini likawa linabadilisha jina: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli. Kila likibadilisha jina, linasahau alikokuwa anatoka, kwa hivyo halikuweza kukisia anakoenda. Na mfumo haukuwa umepangwa kutarajia mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Fikiria hiyo sheria hapa Nairobi. Tungebaki wangapi?

Oktoba 2023, San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu liligonga mwanamke likamtupa mbele ya gari la Cruise. Gari la Cruise likamgonga, likasimama, kisha likaamua kujiegesha kando. Likamburuta kama mita 6, yeye akiwa chini yake. Jimbo la California likawanyang'anya kibali mwezi huohuo.

Sasa usiniambie binadamu ni malaika. Tempe kulikuwa na mtu kwenye usukani, na macho yalikuwa kwa simu. San Francisco, aliyegonga kwanza alikuwa binadamu, na alitoroka. Mashini hailewi, haisinzii, haichati ikiendesha. Hiyo hoja naikubali kabisa.

Shida yangu ni karo. Kila somo katika historia hii lilifunzwa baada ya kitu kutokea, na karo ikalipwa na mtu aliyekuwa barabarani, si mwenye kampuni. Wenye baiskeli na watembea kwa miguu hawakujiandikisha kwa hilo darasa.

Kwa hivyo siku mtu atakuja na gari lake lisilo na dereva akitaka kulijaribu Jogoo Road, mimi sitamuuliza bei wala mbio zake. Nitamuuliza kitu kimoja: hili gari limewahi kuona mkokoteni ukija upande usio wake, usiku, bila taa, na mwenye kuuvuta ameinamisha kichwa? Kama bado, asitufanye sisi kuwa kangaruu.