Nakshi ya Kisu: Ya Mhunzi na ya Kiwandani



Ndugu wasomaji, kila Julai kule Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza Umutomboko akiwa na upanga na shoka mkononi. Waislamu wamefika zamani nchi hiyo: Novemba 1867 Livingstone alimkuta mjini kwa Kazembe, kando ya ziwa Mofwe, mfanyabiashara Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi.

Chuma cha Afrika nacho kilisafiri mbali. Mwaka 1154 al-Idrisi aliandika kuwa chuma cha Sofala, katika Msumbiji ya leo, kilipelekwa India kufuliwa panga. India ya kusini na Sri Lanka ndiko ilikotoka pua maarufu: mafundi walitia chuma katika chungu cha udongo pamoja na vipande vya miti, wakakiyeyusha, wakakiacha kipoe polepole. Kikifuliwa kwa moto wa kiasi, mistari kama mawimbi ilijitokeza. Wazungu waliziita panga hizo za Dameski. Mapema zaidi, karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad aliandika risala nzima juu ya panga. Ufundi huo ulififia kufikia karne ya 19.

Wahunzi wa leo hutumia njia nyingine. Hupanga matabaka ya pua za aina mbili, huyaunganisha kwa moto na nyundo, huyakunja na kurudia. Matabaka 7 huwa 14, kisha 28. Wakimaliza hupaka tindikali: pua moja huwa nyeusi, nyingine hung'aa.

Viwanda navyo hutoa pua iliyo sawa kila mahali, kwa bei nafuu, na kwa kazi ya jikoni mara nyingi inatosha kabisa. Si aibu kuinunua. Tatizo ni kisu cha kawaida kilichochorwa mistari juu tu, kisha kikauzwa kwa jina la Dameski. Ukikisugua kwa msasa, mchoro hufutika na haurudi. Nakshi ya kweli hurudi ukipaka tindikali tena, kwa kuwa imo ndani.

Wazazi, waonyesheni watoto tofauti hiyo. Mtume (S.A.W.) alikataza ghushi katika biashara, na akatuamrisha kunoa kisu tunapochinja. Basi Idi ya kuchinja ikifika, kisu kikali cha kiwandani ni bora kuliko chenye nakshi kilicho butu. Na muuzaji aseme kweli anachouza.