Mirathi ya Coulibri

Miongoni mwa riwaya za kihistoria zinazomkabilisha mwanamke na dhuluma za wazee wake, sijui iliyo nzito kuliko Wide Sargasso Sea, aliyoitoa Jean Rhys mwaka 1966, baada ya miaka 27 ya kutochapisha riwaya yoyote. Mwandishi huyu alizaliwa Roseau, katika kisiwa cha Dominica, mwaka 1890; babaye alikuwa tabibu kutoka Wales, na mamaye alikuwa wa ukoo wa Lockhart, ambao mzee wao, James Potter Lockhart, alimiliki shamba la Geneva pamoja na watumwa waliolilima.

Utumwa ulipoondoshwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi, tarehe 1 Agosti 1834, Serikali ya Uingereza ilitenga paundi milioni 20 za fidia, si kwa waliotumikishwa bali kwa mabwana zao, na wengi wa hao walioitwa huru wakabakishwa katika kazi za lazima hata 1838. Msomaji wa pwani yetu hatastaajabu, kwani amri ya Unguja ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa nayo iliwafidia mabwana. Mwaka 1844, makarani wa Dominica walipopita kuhesabu watu, wananchi wakashuku kwamba wanaandikwa ili warejeshwe utumwani, wakainuka kwa ghadhabu, na nyumba ya Geneva ikavamiwa.

Kadhia hiyo ya ukoo wake Rhys aliihamishia Jamaica, akaiita nyumba Coulibri, na binti wa nyumba akamwita Antoinette, ambaye ndiye yule mke aliyefungiwa darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë. Usiku nyumba hiyo inapochomwa moto, Antoinette anamwona Tia, mtoto mweusi aliyekuwa akila naye na kuoga naye mtoni, anamkimbilia kama mtu akimbiliaye kwao, analiona jiwe mkononi mwa mwenziwe, lakini hamwoni akilirusha. Kisha wawili hao wakabaki wakitazamana, mmoja akitokwa na damu, mwingine akilia. Rhys hamtakasi mrithi wa shamba, wala hamlaumu mtoto wa waliotumikishwa, na insafu hiyo ndiyo niipendayo zaidi katika kitabu chote.

Walakini ukweli mkali kabisa umetiwa kinywani mwa Christophine, mtumishi aliyetoka Martinique, asemaye kwamba utumwa haukwisha, maana mabwana wapya wana hakimu, faini, gereza, minyororo, na kinu cha kukanyagwa kwa miguu. Huyu anasimama mbele ya mume Mwingereza wa Antoinette na kumhoji kuhusu mali aliyoioa. Anapotishwa kwa sheria anaondoka zake, na tangu hapo hatumwoni tena ila katika fikira za Antoinette. Ndipo ninapomdai Rhys: uchungu wa mrithi aliufuatia hata ndotoni, bali nyoyo za Tia na Christophine hakutufungulia.