Uenezaji wa Ukristo Meru na Embu

Ukristo ulifika kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ukifuata nyayo za bunduki. Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na miaka miwili baadaye ofisa E. B. Horne akajenga boma Meru. Shirika la Kianglikana la Church Missionary Society lilifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910, chini ya T. W. W. Crawford, daktari kutoka Kanada. Mapadri Waitalia wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti, waliokuwa Ribe karibu na Mombasa tangu 1862, wakapewa Kaaga, Meru, mwaka 1912 na kumweka hapo R. T. Worthington. Mhubiri aliyefika nyuma ya mkusanya kodi ilimbidi kwanza awaaminishe watu kwamba hakuja kwa shughuli ileile.

Waprotestanti waligawana nchi ili wasigombanie waumini. Imenti, Tigania na Igembe ziliangukia Wamethodisti, Mwimbi na Chuka zikawa za misheni ya Kiskoti ya Wapresbiteri, na Embu ikawa ya Waanglikana. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo. Mkutano uliofanyika mjini Kikuyu Juni 1913 ulitaka kuyageuza mapatano kuwa shirikisho la makanisa, lakini Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na shirikisho halikupatikana. Mipaka ya mgawanyo ilibaki. Mpaka leo mtu wa Chogoria, Mwimbi, akijitaja kuwa Mpresbiteri, au wa Maua, Igembe, akijitaja kuwa Mmethodisti, mara nyingi anakwambia tu babu yake alilima wapi.

Waliovuka vizuizi vya lugha na ukoo hawakuwa Wazungu hasa. Kabla ya Clive Irvine, daktari wa misheni ya Kiskoti, kuhamia Chogoria mwaka 1922, mwinjilisti Mkikuyu Daudi Makumi alikuwa ametangulia. Huko Kaaga, Filipo M'Inoti, mmoja wa Wameru wa kwanza kubatizwa, akawa mchungaji na mtunzaji wa habari za mila za kwao. Wakristo hao waliitwa athomi, wasomaji, kwa kuwa kitabu na ubatizo vilikwenda pamoja. Lakini kitabu chenyewe kilichelewa. Waembu walisoma Agano Jipya la Kikikuyu lililotoka mwaka 1926, Wameru wakapata Biblia nzima kwa Kimeru mwaka 1964, na majirani zao Watharaka wakasubiri zaidi.

Wasikilizaji nao hawakuwa watupu. Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, kisiwa walikotumikishwa na watu wa nguo nyekundu, na kwamba kiongozi wao aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Aliyekulia katika hadithi hiyo hakushangazwa na Musa. Padri Bernardo Bernardi wa Consolata alichukua masimulizi haya kwa uzito katika kitabu chake cha 1959 kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini aliyewabariki watu kwa mkono wa kushoto. Wamisionari wengi hawakuwa na subira kama yake.

Kutokuwa na subira kulionekana wazi mwaka 1929. Misheni ya Kiskoti iliwataka waumini wakane tohara ya wasichana kwa kiapo cha kidole gumba kilichoitwa kirore. Katika mila, tohara ilikuwa ya rika na ukoo mzima, ilhali kirore kilimtaka kila mtu ajibu peke yake mbele ya karatasi. Chogoria ilipoteza waumini wengi mno, na mgogoro ukafika Kaaga na Embu pia. Baadhi ya waliotoka walijenga makanisa na shule huru, wakaendelea kumwabudu Kristo bila kibali cha Mzungu.

Njia nyingine ya kuwapatanisha Wakristo na jamii yao ilipitia Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru. Mkuu wa wilaya H. E. Lambert aliona hatari ya kuwa na wasomaji upande mmoja na wazee upande mwingine, akahimiza Wakristo wapokelewe barazani kwa taratibu zisizoivunja imani yao. Hata hivyo, kuketi na wazee si kuketi na jamii yote. Mwaka 1956 Njuri ilipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana, ambao hakuna aliyewauliza, wakaanza kujitahiri wenyewe. Walijulikana kama Ngaitana. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka marufuku hiyo.

Njia ya tatu ilikuwa vuguvugu la uamsho lililotoka Rwanda katika miaka ya 1930; lilivuka mipaka ya madhehebu kwa toba ya hadharani, ingawa waliookoka nao walijitenga na majirani waliokunywa pombe.

Mwaka 1975 David Gitari akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Mount Kenya East, iliyokuwa na makao Embu na kufika hadi Marsabit, kaskazini. Sasa watu wa mlimani ndio waliokwenda ugenini, kwa Wagabra wenye ngamia. Gitari alitaka wainjilisti wakae kambini, wazungumze na wazee na familia nzima, na ubatizo usubiri jamii iamue pamoja badala ya kumchomoa mtu mmoja mmoja. Kutoka kwa wafugaji hao wa kaskazini alipatikana Andrew Adano, aliyewekwa kuwa askofu na kufariki katika ajali ya helikopta mwaka 1996.