Kifuko cha Fabricius: kwa nini kuku waliochanjwa hufa kwa kideri

Katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara hadi Rumonge, kuku ni akiba iliyo karibu kuliko zote. Samaki wakiadimika, au watoto wakihitaji daftari za shule, jogoo hupelekwa sokoni. Kwa hiyo kideri, kiitwacho pia mdondo nchini Tanzania na kinachojulikana kitaalamu kama ugonjwa wa Newcastle, ni pigo kwa mfuko wa nyumba nzima.

Kideri husababishwa na virusi. Kuku huzubaa, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na baadhi hupinda shingo au kupooza mabawa. Katika kundi lisilochanjwa, vifo vinaweza kuzidi asilimia 90. Virusi husafiri kwa kinyesi, kwa matenga ya kubebea kuku, hata kwa nyayo za mchuuzi anayetoka soko moja kwenda jingine. Tiba haipo, iliyopo ni chanjo. Aina iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na ambayo hutengenezwa pia Tanzania, huvumilia joto kuliko nyingine: tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Hata hivyo, wapo wafugaji wanaochanja na bado wakapoteza kuku. Lawama humwangukia mchanjaji, na wakati mwingine ni haki, kwani dawa iliyoachwa juani huharibika. Lakini kuna sababu nyingine, nayo imefichika ndani ya mwili wa kifaranga.

Juu ya tundu la kutolea kinyesi, kila ndege mchanga ana kifuko kidogo chenye mikunjo ndani. Kilielezwa na Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia mjini Padua, Italia. Fabricius ndiye aliyefundishia katika ukumbi maarufu wa Padua uliojengwa mwaka 1594, ambamo wanafunzi walisimama kwenye ngazi za mviringo na kutazama chini maiti ikipasuliwa mezani. Kitabu chake kuhusu yai na kifaranga kilichapishwa mwaka 1621, miaka 2 baada ya kifo chake. Alikiona kifuko vizuri, lakini kazi yake aliikosea: alidhani ni ghala la mbegu za jogoo.

Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 300, na lilipatikana darasani kwa bahati. Katika miaka ya 1950, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, Bruce Glick alikuwa akiwaondoa kuku kifuko hicho ili ajue kina faida gani. Mwenzake Timothy Chang aliazima baadhi ya kuku hao ili awaonyeshe wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili. Onyesho lilishindikana, wengi wa kuku waliokosa kifuko hawakutoa kingamwili yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956, katika jarida la wataalamu wa kuku ambalo madaktari wa binadamu hawakuwa na mazoea ya kulisoma. Baadaye chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili ziliitwa seli B, herufi ya kwanza ya jina la Kilatini la kifuko hicho, bursa. Binadamu hana kifuko hicho. Seli zake B hukomaa katika uboho wa mifupa. Mwanafunzi wa utabibu, awe Bujumbura au Padua, hulitaja jina lililotoka kwa kuku kila anapozungumzia kinga.

Hapo ndipo unapoingia ugonjwa wa pili, Gumboro, uliopewa jina la mahali katika jimbo la Delaware, Marekani, ulikotambuliwa kabla ya kuenea duniani. Virusi vyake hushambulia kifuko chenyewe, hasa kifaranga akiwa na umri wa majuma 3 hadi 6. Kifuko huvimba, kisha husinyaa. Kifaranga aliyeambukizwa mapema zaidi huenda asionyeshe dalili yoyote, lakini amepoteza kiwanda cha kinga. Akitiwa tone la chanjo ya kideri, mwili wake haujibu ipasavyo. Virusi hivi ni sugu mno na hudumu bandani kwa miezi, hivyo kufagia tu hakutoshi. Gumboro nayo ina chanjo, ambayo kwa kawaida hutiwa katika maji ya kunywa ya vifaranga.

Daktari wa mifugo huitambua tofauti kwa kisu. Katika kideri, mara nyingi huona madoa ya damu katika tumbo dogo lililotangulia firigisi. Katika Gumboro, kifuko kilichovimba au kuvuja damu, na michirizi ya damu katika nyama ya mapaja. Upasuaji huo si wa kufanyiwa jikoni. Vifo vya ghafla vya kuku wengi vinaweza pia kuwa dalili ya homa ya mafua ya ndege, ambayo Januari 2017 iliua ndege wa porini kwenye ufuko wa Ziwa Victoria nchini Uganda, na baadhi ya aina zake huambukiza watu. Mzoga usiliwe, usiuzwe wala usitupwe ziwani. Ufunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mganga wa mifugo wa eneo aitwe kabla haujaoza, kwa kuwa viungo vilivyooza havisomeki tena.